Wimbo Usimame Wenyewe Kabla ya Kinanda



Jimbo letu la Ifakara halina uhaba wa watunzi wa nyimbo. Ukizunguka parokia zake, karibu katika kila kwaya utamkuta kijana mwenye daftari la mistari, na ndani yake nyimbo alizotunga mwenyewe: Bwana utuhurumie, nyimbo za matoleo, za komunyo, za shukrani ya mavuno. Wengine wanaandika nota za sol-fa vizuri kabisa. Wengine wanarekodi kwa simu na kuwaachia wenzao waandike. Yote haya ni neema, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hata hivyo sisi tunaofundisha na kujifunza muziki hapa seminarini, na tunaokwenda vigangoni kusaidia ibada, tunaona jambo ambalo tungependa tulizungumze wazi. Watunzi wengi wanatunga tuni na maneno, kisha wanaacha kazi ya kuchagua kodi kwa mpiga kinanda. Naye mpiga kinanda, mara nyingi, anakiachia kinanda. Mwisho wa safari hiyo, uamuzi mkubwa wa wimbo unakuwa umefanywa na mashine isiyosoma maneno.

Tunaposema kodi hapa hatumaanishi ile inayokusanywa na TRA. Wanamuziki wetu wanaita kodi zile sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja na kupatana: soprano akiimba hii, alto ile, tenor nyingine, besi akizibeba zote. Maoni yetu ni haya: mtunzi wa wimbo wa kanisa achague kodi zake mwenyewe, na azichague kwa sababu anayoweza kuieleza. Elimu anayohitaji kwa kazi hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Asipokuwa nayo, hasara inamfikia muumini wa kigangoni.

Kwa nini kigangoni?

Kinanda cha kisasa kina ufundi mwingi. Mtu akibonyeza kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kinatoa kodi nzima, kinapiga besi, kinapiga na ngoma. Kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, hivyo mpigaji anaweza kupiga ufunguo mmoja maisha yake yote. Parokiani mjini, kwenye umeme na spika, wimbo uliotungwa kwa sauti moja tu unasikika umekamilika. Kila mtu anapiga makofi.

Wimbo huohuo ukipelekwa kigangoni ng'ambo ya mashamba ya mpunga, ambako hakuna kinanda wala umeme, unabaki uchi. Soprano wanaimba tuni. Alto wanatafuta pa kushika, wanaishia kuimba soprano kwa sauti ya chini. Besi wananguruma sauti moja mpaka mwisho. Kwaya inapoteza imani na wimbo, na waamini wanakaa kimya wakisikiliza badala ya kuimba. Watu husema kwaya ile haijui kuimba. Kwa maoni yetu, kwaya ile inajua kuimba. Haikupewa kitu cha kuimba.

Bonde letu lenyewe linatukumbusha jambo hili kila mwaka. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na sisi tunaoishi humo tunajua maana ya neno hilo bila kulisoma. Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, tambarare zinajaa maji na njia za kwenda vigangoni zinakuwa tope. Katekista atafika. Daftari la nota, likifungwa kwenye mfuko wa nailoni, litafika. Kinanda chenye spika na jenereta kitabaki parokiani.

Tena Kwaresima huangukia miezi hiyohiyo au karibu nayo. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Roma, namba 313, yanaruhusu vyombo vya muziki wakati wa Kwaresima kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, sherehe na sikukuu. Mama Kanisa anataka siku zile sauti za watu zisikike. Ni kipindi kizuri cha kupima nyimbo zetu: wimbo wenye mifupa yake utasimama, na uliokuwa ukiegemea mashine utaanguka.

Kodi tatu zinatosha kuanzia

Wengi wakisikia "nadharia ya muziki" wanaogopa. Wanafikiri ni somo la miaka mingi, la watu waliosoma Roma. Ukweli ni kwamba mtunzi anayejua d r m f s l t ameshafika nusu ya njia.

Chukua sauti yoyote ya ngazi, ruka moja uchukue inayofuata, ruka nyingine uchukue inayofuata tena. Hiyo ni kodi. Ukianzia d unapata d m s. Ukianzia f unapata f l d. Ukianzia s unapata s t r. Hizi tatu ndizo nguzo:

Kodi ya kwanza: d m s
Kodi ya nne: f l d
Kodi ya tano: s t r

Sasa zitazame vizuri. Sauti zote saba za ngazi zimo ndani ya kodi hizi tatu. Tuni ikiwa kwenye m, kodi yake ni ya kwanza. Ikiwa kwenye f au l, ni ya nne. Ikiwa kwenye r au t, ni ya tano. Sauti mbili tu ndizo zenye njia panda: d, iliyomo katika kodi ya kwanza na ya nne, na s, iliyomo katika ya kwanza na ya tano. Mtunzi anayeanza hana sababu ya kuhangaika na kila nota. Sauti tano zimeshajijibu. Ana mbili za kuamua.

Kila kodi ina tabia yake. Ya kwanza ni nyumbani. Wimbo unaanzia hapo na unapumzikia hapo. Ya nne ni kutoka kwenda shambani: umeondoka, lakini huna haraka. Ya tano ni kuwa njiani jioni na kutaka kufika, kwa sababu t iliyo ndani yake iko jirani kabisa na d na inaivuta. Mtu asiyejua nota hata moja anausikia mvuto huo. Imba d r m f s l t halafu nyamaza, uone watoto watakavyomalizia d bila kuambiwa.

Baadaye zinakuja kodi tatu nyingine zenye sauti ya unyenyekevu au huzuni: ya pili (r f l), ya tatu (m s t) na ya sita (l d m). Ya saba (t r f) haitulii, mtunzi anayeanza aiache kwanza. Kwa hizi, kila sauti ya ngazi inakuwa na kodi zaidi ya moja, na hapo ndipo utunzi unapoanza kuwa tafakari.

Kodi inafuata neno

Tuchukue mstari mmoja tuliouandaa kwa ajili ya zoezi hili, wenye ombi ambalo mtu yeyote wa bondeni anaweza kuliomba:

M-to u-me-ja-a, Bwa-na, tu-vu-she
m m f s l s s f m r d

Kwanza tusome maneno kabla ya kuimba. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: M-to, umeja-a, Bwa-na, tuvu-she. Silabi hizo nne, yaani M, ja, Bwa na vu, ndizo zikae kwenye mpigo wa kwanza wa kila kipimo, na hapo ndipo kodi inapobadilika. Kodi ikibadilika mahali pengine, sikio linavutwa kwenye silabi isiyostahili, na tunaanza kusikia watu wakiimba "BwaNA" na "tuvuSHE". Makosa mengi ya matamshi katika nyimbo zetu yanaanzia kwenye kodi iliyobadilika mahali pasipofaa, wala waimbaji hawana hatia.

Sasa tuchague. "Mto ume-" ina m m f s. M na s ni za kodi ya kwanza; f inapita tu katikati kama mtu anayekatiza uwanja. Tuweke kodi ya kwanza. "Ja" iko kwenye l. Hapa mtunzi ajiulize: mto huu uliojaa ni baraka au ni hofu? Akiweka kodi ya nne, f l d, mto unasikika mpana na wenye neema, maji ya kuotesha mpunga. Akiweka ya sita, l d m, moyo unashuka, na yule anayeimba anasikika kama mtu aliyesimama ukingoni na mtoto mgongoni. Tuni ni ileile, maneno ni yaleyale. Kodi ndiyo iliyoamua tunaomba nini. Je, uamuzi huo tuuache kwa kitufe?

"A" inayofuata iko kwenye s, tunarudi kodi ya kwanza. "Bwa-" nayo iko kwenye s, na hapa ni njia panda. Mwingine ataweka ya tano. Sisi tungebaki kwenye ya kwanza kwa sababu mbili. Jina la Bwana ndipo sala inapopumzikia, kwa hiyo lipewe kodi ya nyumbani. Pili, neno "tuvushe" linakuja na r, ambayo inataka kodi ya tano. Ukiitumia ya tano mapema kwenye "Bwana", ikifika kwenye "tuvushe" itakuwa imeshachoka. Iwekwe akiba, ili ombi lenyewe liwe na nguvu ya kuvuka.

Mwisho, "she" iko kwenye d. Kodi ya kwanza ni nukta: sala imekamilika. Kodi ya sita mahali hapohapo ni mkato: msikilizaji anajua kuna jambo linaendelea, na maimbilizi yanaweza kuingia. Kodi ya nne ikifuatwa na ya kwanza ni ule mwisho tuliouzoea kwenye "Amina". Mwalimu wa lugha akikuona unaweka nukta katikati ya sentensi atakusahihisha. Mwalimu wa kwaya naye awe na jicho hilo.

Kodi zikishachaguliwa, kuzigawa kwa sauti nne hakuhitaji uchawi. Besi ashike mzizi wa kodi, yaani ile sauti iliyoizaa. Sauti iliyomo katika kodi zote mbili ibaki palepale: kutoka ya kwanza kwenda ya nne, d haihami, kutoka ya kwanza kwenda ya tano, s haihami. Nyingine ziende mahali pa karibu zaidi. Kutoka ya nne kwenda ya tano hakuna sauti ya pamoja, hivyo besi apande kutoka f kwenda s na wenzake watatu washuke. Kwa kanuni hizi chache alto anapata njia fupi, rahisi kukumbuka, na mama aliyetoka kupalilia anaweza kuishika kwa jioni moja.

Wanaotupinga

Tunajua kuna wanaosema: Mungu anaangalia moyo, wala hasikilizi kodi. Ni kweli Mungu anaangalia moyo. Lakini wimbo wa kanisa tunamwimbia Mungu pamoja na watu wake, na ni haki ya watu kupewa wimbo unaoimbika. Fundi wa madawati ya kanisa naye ana moyo mzuri, lakini bado anatumia futi kupima ubao.

Wengine wanasema: nadharia ni ya Wazungu, wazee wetu waliimba bila nadharia. Hoja hii ina uzito na tuijibu kwa heshima. Wazee hawakuandika kanuni, lakini walikuwa nazo. Anayeongoza sangula ya Wapogoro anajua mwitikio uingie wapi na mguu ukanyage lini, na kijana akikosea anarudishwa. Wagogo wa Dodoma wanapatanisha sauti kwa utaratibu wao, usiolingana na kodi ya kwanza, ya nne na ya tano, na ukiwaharibia wanakusikia mara moja. Hiyo ni nadharia iliyokaa kichwani.

Kwa hiyo tunaongeza onyo kwa wale waliosoma. Ukipokea tuni ya asili yenye sauti tano tu, d r m s l, usiilazimishe. Tuni hiyo haina f wala t. Ukiichomekea kodi ya tano kamili, t inaingia kama mgeni asiyebisha hodi, na ladha ya kienyeji inapotea. Jaribu kuishikilia kwa kodi ya kwanza na ya sita, na pale inapodai ya tano weka s na r peke yake, uiache t nje. Mwenye elimu anajua pia wakati wa kutoitumia.

Hata hiyo sol-fa tunayoiona ni yetu ilitoka mbali. Majina ya sauti yanatokana na mmonaki Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, aliyeyachukua kwenye silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. John Curwen wa Uingereza aliieneza sol-fa ya herufi katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waimbe bila kusoma mistari mitano. Ikafika Afrika, na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, akaitumia kuandika mwaka 1897 tuni ambayo leo tunaiimba kama Wimbo wa Taifa. Hakuna Mtanzania anayeiona tuni hiyo kuwa ya kigeni. Inaimbika uwanjani bila chombo chochote, kwa sababu kodi zake zilitungwa ndani ya sauti za watu.

Kanisa nalo limetuwekea njia. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa Kumi alitoa maelekezo yake juu ya muziki mtakatifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 119, uliagiza kwamba katika nchi za misioni muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake, na wamisionari waandaliwe kuukuza. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Alijifunza nadharia ili muziki wa kwao upate nafasi altareni. Sisi tuliopokea matunda ya kazi ya kizazi kile tutakuwa tumerudi nyuma tukikiachia kitufe kazi waliyoifanya kwa akili na sala.

Tunapendekeza nini?

Kwanza, mtunzi anapoleta wimbo mpya kwa mwalimu wa kwaya, alete na kodi zilizoandikwa chini ya tuni, hata kwa namba tu: 1, 4, 5. Aulizwe sababu ya kila moja. Asipojua, asaidiwe bila kuaibishwa.

Pili, wimbo wowote mpya uimbwe kwanza kwa sauti nne kavu, kinanda kimezimwa. Usiosimama hivyo urudi kwa mtunzi kabla haujaletwa Misani. Hili moja tu, likishikwa na kwaya zetu, litabadilisha mengi kwa mwaka mmoja.

Tatu, kabla ya parokia kuchangisha magunia ya mpunga kwa ajili ya kinanda kikubwa zaidi, itenge kiasi kidogo kwa semina ya walimu wa kwaya wa vigango vyote. Jioni tano, ubao na chaki vinatosha: ya kwanza ngazi, ya pili kodi tatu, ya tatu mkazo wa maneno, ya nne kugawa sauti, ya tano kutunga na kusahihishana. Waseminari wanaorudi nyumbani likizo wanaweza kuisimamia.

Nne, wapiga kinanda wetu, ambao tunawapenda na kuwahitaji, wajifunze kupiga sauti nne zilizoandikwa, mkono kwa mkono, kabla ya kutegemea kidole kimoja. Mpigaji anayejua kodi anaifanya kwaya iimbe vizuri zaidi. Asiyezijua anaifunika.

Hatumkatazi mtu kununua kinanda wala kukipiga. Tunachotaka ni kwamba katekista atakapoushika wimbo masika ijayo, kwenye kigango ambacho maji yamekizunguka, aanzishe d, na watu thelathini wamjibu kwa sauti nne, kila mmoja akijua mahali pake. Wimbo huo utakuwa umewafikia wote, wa mjini na wa ng'ambo ya mto.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.